Kaburi la Mtoto wa Ornella

Virginie alijitupa juu ya kaburi dogo na kulikumbatia tuta la udongo kwa mikono miwili. Wanaume waliokuja kuchimba wakabaki wamesimama na majembe yao, hawajui waanzie wapi. Jina la msalabani halikuwa la mtoto wake. Aliyekuja kumchukua mtoto alikuwa Ornella, aliyesimama pembeni na kisanduku kipya cha mbao, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama Jemima, simama," Ornella alimwambia. "Batu banatuangalia."

"Umuache alale, Mama Orpa. Hapa Butembo iko na mimi. Kule Beni nani atamufagilia kaburi?"

"Ni mimi. Bibi yake tulimuzika kulekule Beni, Bungulu, atalala pembeni yake. Nimechoka kumuacha ugenini."

Waliokuwepo walitikisa vichwa kwa huruma. Kanisani kwa Virginie hakuna asiyejua jinsi wanawake hao wawili walivyoshikana.

Ebola ndiyo iliyowakutanisha. Ule mwaka iliposhuka Butembo, ilifagia nyumba nzima ya Phinées, mume wa Virginie: yeye, mama yake, dada zake. Virginie naye aliugua, akapona. Aliyepona alikuwa hauogopi tena ugonjwa, basi kituo cha matibabu kikampa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Aliwalea pamoja na Jemima wake mwenyewe, na miongoni mwao alikuwamo Orpa, mtoto wa Ornella. Ornella alikuwa ametoka Beni kuja kujifungulia kwa dada yake, na siku chache tu baada ya kuzaa akashikwa na homa. Watoto hao walikuwa hawajaota hata jino, wamelingana kama maharage ya ganda moja.

Ornella alimwona mwanawe kwa mbali tu, nyuma ya ukuta wa plastiki wa wodi. Virginie ndiye aliyekuwa akimwinua mtoto na kumpungisha kamkono. Asubuhi moja mtoto mmoja akakutwa amepoa. Wauguzi walikuwa wamefunikwa toka kichwa hadi miguu na wakibadilishana kila mara, na kwao kila mtoto aliitwa bébé. Ni Virginie aliyewatajia jina la kuandika msalabani: Orpa. Ni yeye pia aliyempelekea Ornella habari, akaweka kiganja kwenye plastiki na kumwimbia mpaka mgonjwa akapata nguvu ya kulia.

Ornella alipona, lakini tumbo lake halikushika tena. Mumewe akachukua mwanamke mwingine. Kila mwaka, majira hayohayo, alipanda gari hadi Butembo, na wote wawili wakafagia kaburi, wakaomba, kisha wakaenda kula fufu na sombe nyumbani kwa Virginie. Jemima hakukubali kula pengine ila mapajani mwa mgeni. Jumapili Virginie alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Nyamuhanga, Mungu wetu, alibeba nyumba yangu yote," alikuwa akisema, "lakini aliniachia mutoto. Njo yeye furaha yangu." Amina ya Ornella ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Safari moja Virginie alimuuliza kama bado ana tumaini.

"Niko nalo," Ornella alijibu huku akimsuka Jemima nywele. "Siku ya ufufuo nitamutambua. Hata kama sikumushika sana. Mama hapana kosa mutoto wake."

Virginie aliinuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Sasa Ornella alikuja na kibali cha kumhamisha mkononi. Pasteur Ésaïe, aliyeletwa kuomba, alimwinamia Virginie na kumshika bega. "Mama Virginie, tunajua upendo wako. Lakini mutoto ni wa mama yake. Huyu dada hapana na kingine."

"Unisikie, mwenzangu," Ornella akaongeza kwa sauti ya chini, bila hasira. "Weye uko na wako. Unaamuka naye, unamuvalisha, anakuita mama. Mimi unipe wangu."

Virginie alimtazama Jemima. Msichana alikuwa amesimama kando ya njia na gauni aliloletewa na Ornella, pengo la meno ya mbele likionekana kila alipotabasamu. Virginie akafungua mdomo. Watu wote wakangoja.

Akaufunga. Akainuka, akapangusa udongo kifuani.

"Muchimbe," alisema.

Hawakukawia. Kilichotoka kilikuwa kidogo mno kwa kisanduku kile. Virginie hakuruhusu mwingine akiguse. Alikipokea mwenyewe, akakifunga ndani ya kitenge, akakaza pembe kama wanavyofungwa watoto mgongoni, akakilaza. Mkono wake ulibaki juu ya kitambaa hadi Pasteur Ésaïe alipomaliza kuomba na kifuniko kikaanza kugongewa misumari.

Ornella alimkumbatia kwa nguvu. "Wasingya, asante, dada yangu. Ulimupenda kama wako." Kisha akambusu Jemima kwenye paji la uso, akaingia garini, akapakata kisanduku.

Gari lilishika barabara ya Beni na vumbi lake. Jemima alipunga mkono mpaka akachoka. Virginie alisimama nyuma yake, macho kwenye lile vumbi.

"Enda na amani," alinong'ona, "Jemima wangu."

Msichana aligeuka akamvuta kitenge.

"Lakini mama, mimi hapana enda. Niko hapa."