Faili Tupu la Nguchiro

Nguchiro ndiye aliyetunza kompyuta ya wanyama, na alipenda makuu. Siku moja aliandika mstari mmoja tu wa amri, akatenga nafasi yote iliyobaki kwenye diski kwa ajili ya faili la maisha yake, ambalo halikuwa na hata neno moja.

Bibi Kobe akaja akikokota miguu. "Mjukuu wangu, nirekodi. Chemchemi za kiangazi nimebaki kuzijua mimi peke yangu."

"Diski imejaa, bibi."

"Imejaa nini?"

"Habari zangu."

"Umeshaziandika?"

"Nitaziandika nikipata wasaa."

Kobe akashusha pumzi, akarudi kwake. Hata mwezi haukuandama, akafariki.

Kiangazi kikaingia, mito ikakauka, na kitinda mimba wa Nguchiro akafa kwa kiu. Nguchiro akaikimbilia kompyuta huku akilia, akalifuta lile faili. Nafasi ikapatikana tele. Akawageukia wanyama waliokusanyika.

"Haya, anayezijua chemchemi aseme!"

Swala akamjibu, "Aliyezijua ulimwambia hakuna nafasi."

Wakaanza kuhama, kila mmoja na wanawe waliobaki hai.