Kimoja Tu

Kila Jumanne naja kitongoji cha Seven Hills kumhudumia mzee mmoja mgane ambaye macho yake yamekaribia kufa. Namsomea lebo za dawa, kisha tunahamia kwenye bastola ya babu yake. Risasi zake hazitengenezwi tena, basi anaagiza vichwa vya risasi vya kila namna ili aunde yake mwenyewe, na mimi navijaribu kwenye mdomo wa ganda kuukuu la risasi, la shaba. Vingi vinapwaya. Vingine vinakataa kuingia.

Nilidhani ni mchezo wa wazee, kama kukusanya stempu. Hata nilifurahi alipoyasifu macho yangu.

Leo kimoja kiliingia, kikakaa sawasawa. Nikafungua mdomo nimpe habari njema.

"Usihangaike kutafuta vingi, Thacienne," alisema taratibu, uso ameuelekeza kwenye kiti cha marehemu mkewe. "Nahitaji kimoja tu."

Nikakitazama kile kiti kitupu, nikaelewa. Tulipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania nilijifunza kuwaogopa watu wanaopiga kelele. Huyu alikuwa anatabasamu.

"Hiki nacho kinapwaya," nikasema.

"Ah. Basi kitoe, unirudishie ganda langu."

Nikakivuta kwa kucha. Hakikusogea. Nikakizungusha, nikakibana kwa meno nikiwa nimegeuka pembeni, ladha ya chuma ikanijaa kinywani. Ukucha wa kidole gumba ulikatika hadi kwenye nyama, na kile kichwa kikabaki palepale, cha kijivu, kimetulia.

Mzee akanyoosha kiganja juu ya meza, akangoja.