Kidoti Chekundu

"Tazama barabara, bwana, utatuua," Semisi alisema.

Lopeti hakutazama. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine simu, na macho yake yalikuwa kwenye kidoti chekundu kilichokuwa kikitambaa juu ya ramani ya kisiwa chao, Tongatapu. Kidoti hicho kilikuwa mke wake.

"Yuko sokoni," alisema. "Leo atanitambua."

Programu hiyo aliiweka mwenyewe kwenye simu ya Toakase, mwaka uliopita, kwa maneno matamu kweli. Ni kwa usalama wako, mpenzi, simu zinaibiwa siku hizi. Tangu hapo mwanamke hakuweza kusimama njiani kusalimiana na mtu bila kuulizwa jioni yule alikuwa nani. Na mjinga yule, alivyoamini Lopeti, hakuwahi kujiuliza mumewe anajuaje.

Asubuhi hiyo Toakase alikuwa ameondoka na kumwachia ujumbe mfupi tu. Alikuwa amemrekodi jana jikoni, alipomshika nywele na kumpigiza ukutani. Kila kitu kimo kwenye simu, polisi watakiona.

Lopeti alipousoma alitukana hadi kuku wakakimbia. Jumanne kikosi cha wachuma matunda kilikuwa kinapanda ndege kwenda Australia, na jina lake limo. Mwenye kesi hapandi. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miaka, leo mwanamke na kisimu chake aje amwangushe? Alichotaka ni kuipata simu hiyo na kuivunjavunja. Mwenye simu angeshughulikiwa baadaye.

Sokoni alimkabili muuza magimbi mmoja aliyemfahamu Toakase.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kwani umempoteza?" mama yule alijibu huku akipanga magimbi yake. "Mtafute vizuri, labda umemkalia."

Wauzaji wenzake walicheka. Lopeti alipiga teke kikapu kilichokuwa karibu na kurudi kwenye gari, masikio yakimuwaka. Kidoti kilikuwa kimehamia hospitalini.

"Kafuata nini huko?" aliuliza.

"Wewe ndiye unayejua ulimpiga wapi," Semisi alisema.

"Funga mdomo. Binamu gani wewe?"

Hospitalini hawakumkuta. Kidoti kilikuwa barabarani tena, kinaelekea mashariki, na Lopeti alikanyaga mafuta huku akilaani kila gari lililokuwa mbele yake.

"Piga nyumbani uulize," Semisi alimwambia. "Petroli hii si maji ya kisima."

Lopeti alipiga. Sauti iliyosema haloo ilikuwa ya Fatai, dada yake, na papo hapo alimsukumia Semisi simu. Hakuwa na ugomvi na dada yake. Ni kwamba kwa mila za Tonga kaka na dada, wakishakua, hawaongei ovyo, hawakai sebule moja, na mwanamume anayekanyaga chumba anacholala dada yake hana tena pa kuweka uso, hata mama aliyemzaa hamtetei. Lopeti alikuwa amepigana na nusu ya vijana wa kijiji chao, lakini Fatai akiingia kula, yeye hutoka na sahani yake akamalizie uani.

Semisi alisikiliza, akakata simu.

"Anasema Toakase hajafika. Anasema pia uendeshe polepole."

"Yanamhusu nini?"

"Si nakupa salamu tu."

Walipokaribia kijijini, kidoti kiliingia kwenye njia ya kanisa, kikapita shamba la mihogo, kikatulia. Lopeti alisogeza simu karibu na macho. Kilikuwa kimetulia kwenye uwanja wa kwao. Alicheka kicheko kibaya.

"Amejileta mwenyewe. Amekuja kuchukua nguo zake."

"Lopeti, mwache," Semisi alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Muombe radhi, yaishe."

"Shuka kwenye gari langu."

Aliingia uani peke yake. Kibanda chake na Toakase, nyuma ya nyumba ya wazazi, kilikuwa kitupu. Kabati liko wazi, nguo zote zimo. Alivuta godoro, akapindua kapu la nguo chafu. Hakuna simu. Basi akapiga namba ya mkewe na kutega sikio.

Iliita kwenye nyumba kubwa.

Alipita mlango wa nyuma kwa kishindo. Mama yake alikuwa sakafuni anasuka mkeka.

"Yuko wapi?"

Mama hakuinua uso wala hakuacha kusuka. Lopeti alimruka miguu na kuingia ukumbini akiufuata mlio tu, ngumi imekazwa, simu yake sikioni. Leo asingemsikiliza mtu. Mlio uliongezeka kila alipokaribia mlango wa mwisho. Alikishika kitasa, nacho kikazunguka bila shida.

Hapo mlio ukakatika. Simu ilikuwa imepokelewa.

"Upo?" alifoka. "Toa simu hiyo kabla sijakutoa meno."

Aliyejibu hakuwa mkewe.

"Tuko wawili humu chumbani kwangu, kaka," Fatai alisema taratibu. "Tunawasubiri polisi. Mlango haujafungwa, ingia."