Nyota Moja ya Mgeni 40

Nyota moja tena. Mpiga picha aliikodolea simu macho mpaka kioo kikazima chenyewe. Picha haikuwa imemaliza hata dakika kumi mtandaoni, na tayari yule yule asiyetaja jina lake, Mgeni 40, alishaitia doa.

"Nitamjua," alisema peke yake. "Haki ya Mungu, nitamjua."

Studio yake ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya pili ya jengo la maduka: pazia jeupe, kigoda, na kioo kidogo cha wateja kuchania nywele. Kwa miaka minane alikuwa akipiga picha za pasipoti, watu wamekaza shingo kama wanasubiri kuchomwa sindano. Lakini kwenye jumuiya ya wapiga picha mtandaoni, huko alikuwa mtu. Na Ijumaa saa sita mchana jumuiya ingechagua picha moja ya ukurasa wa mbele, na mwenye nayo angealikwa kufanya maonyesho yake. Mkewe alishachoka kungoja. Ijumaa ikipita bure, Jumatatu mume anaingia kwenye ghala la shemeji yake kupanga magunia ya saruji.

Picha ya kumwokoa alikuwa nayo. Mlango wa tatu kutoka kwake palikuwa na fundi cherehani, mwanamke mkimya aliyehamia hapo mwaka jana. Asubuhi moja mpiga picha alimkuta ameinamia kitambaa, mwanga wa dirisha umemwagikia upande mmoja wa uso. Akampiga picha kupitia kioo cha mlango kabla hajainua kichwa. Zilitoka sita, akazipandisha zote, na zote sita Mgeni 40 akazipa nyota moja moja, hata ile ya mwisho iliyopendwa kuliko zote.

Wala si kwamba Mgeni huyo alikuwa bahili wa nyota. Paka wa mlinzi wa jengo, picha yake nyingine ya ovyo iliyotikisika, alipewa nne.

"Ni wivu tu," mpiga picha alimwambia fundi siku ya Jumatano, alipopeleka suruali ipunguzwe. "Wanaona ile picha yako inapanda, roho zinawauma."

Fundi hakuinua macho. "Kaka, hiyo picha wameiona watu wangapi?"

"Mia tatu. Ikifika ukurasa wa mbele, dunia nzima!"

Sindano ya cherehani ikakatika. Fundi aliweka nyingine, na uzi ukamgomea mara tatu kabla ya kuingia.

"Sikutoka vizuri," alisema. "Ningekuwa wewe, ningeifuta."

"Aa, dada! Wewe shona, mambo ya sura niachie mimi."

Hakucheka. Mpiga picha alicheka kwa niaba ya wote wawili.

Alhamisi wageni waliongezeka. Mgeni 52, Mgeni 53, Mgeni 58, wote wamejiunga siku hiyo hiyo, wote nyota moja, wote bila neno hata moja. Wastani uliporomoka kutoka nne na nusu hadi nne kasoro. Mpiga picha alipandwa na hasira, akavuka barabara bila kutazama magari, akaingia moja kwa moja kwenye studio kubwa ya mshindani wake.

"Unaniharibia jina kwa kura za kujificha!"

Mshindani alikuwa akifuta lenzi, na hakuacha kuifuta. "Mimi nikikuchukia, bwana, nitakwambia usoni. Nyota sina muda nazo."

Alirudi amenywea. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa upande wake huko mtandaoni, naye alijiita Jicho la Mbali. Huyo ndiye aliyeipa picha nyota tano za kwanza, na kila siku aliandika maneno ya kumpa moyo. Jioni hiyo aliandika tena:

"Ndugu yangu, usikate tamaa. Picha iliyojazwa mahali ilipopigwa hupandishwa juu. Yako umeacha wazi. Jaza."

Ni kweli, kanuni ilisema hivyo. Mpiga picha alijaza jiji, mtaa, jina la jengo, hata ghorofa, ili ipande juu zaidi. Kisha akaliamsha kundi la waliosoma naye, akawaomba nyota tano tano. Walimpa, nusu yao bila hata kuifungua picha. Kama wengine wanacheza rafu, alijiambia, naye atacheza.

Ijumaa saa sita juu ya alama, fundi akawa ukurasa wa mbele.

Mpiga picha alirukaruka mle chumbani mpaka kigoda kikaanguka. Alimpigia mkewe. "Magunia ya kaka yako yatajipanga yenyewe!" alipiga kelele, na mkewe akacheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu mwaka uanze.

Simu ikiwa bado mkononi, mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamume nadhifu mwenye koti la kijivu na viatu vyenye vumbi la safari.

"Wewe ndiye mwenye ile picha? Nyota tano za kwanza nilikupa mimi."

"Jicho la Mbali!" Mpiga picha alimkumbatia, machozi yakimlenga. "Umefikaje huku?"

"Nilipanda basi jana jioni." Yule mwanamume alitabasamu. "Kazi nzuri kama ile, lazima mtu aje mwenyewe. Nataka nimpongeze na fundi. Yupo?"

"Atakwenda wapi? Mlango wa tatu, mkono wa kulia. Ngoja nikupeleke."

"Usijisumbue. Nataka kumshtukiza."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu. Hatua zake kwenye korido hazikuwa na haraka.

Simu ikatetemeka. Mgeni 40, ambaye hakuwahi kuandika hata neno, alikuwa ameandika:

"Kaka, yule niliyemkimbia nimemwona kupitia dirisha langu, anaingia getini. Akikuuliza, mwambie nilishahama."