Gazeti Ndani ya Ncha

“Bibi, viatu vya ncha vimerudi kwenye fasheni!” alisema Salha, akivivuta uvunguni vile alivyoolewa navyo bibi yake.

Bi Mgeni akacheka. Kila alipotaka kuvigawa, marehemu mumewe alimzuia: “Vitunze, mke wangu. Vitarudi tu.”

Ncha hazikuwa zimebonyea hata kidogo. Salha akachomoa gazeti lililoshindiliwa ndani, akataka kulitupa.

“Hebu lete.”

Bi Mgeni alidhani ni la zamani, la enzi za harusi. Akalikunjua, akasoma tarehe. Kumbe ni la mwaka jana, siku tatu kabla mzee hajafariki.

Salha alikuwa keshavivaa, anazunguka chumbani. Bi Mgeni akalilaza gazeti mapajani, akawa analinyoosha kwa kiganja, mkunjo mmoja mmoja.