Jiwe la Minza

Binti mtaalamu wa mgodi alipiga magoti mlangoni kwa Lusangija, akalipapasa jiwe la kusagia la marehemu Minza, mke wa mzee huyo.

"Mzee wangu, hili lilimwagika kama uji wa moto chini ya bahari, kisha likapikwa upya ardhini. Shaba hukaa jirani na mawe kama haya. Nikivunja kipande kidogo, maabara itapima chembe za mionzi zinazooza polepole ndani yake, tujue umri."

"Umri wa jiwe?" Lusangija alicheka kwa uchungu. "Mke wangu alilala kwenye zahanati yenu ya mgodi wiki nzima mpaka akafa, hakuna aliyejua anaumwa nini. Leo mnataka kujua siku jiwe lilipozaliwa!"

"Pole sana, mzee."

"Nimeshiba pole zenu. Haya, vunja. Ila upande wa chini, mkono wake haukufika huko."

Nyundo ikagonga. Binti alipoondoka na kipande chake, Lusangija aliinama, akalamba kibonde kilichochongwa na mikono ya Minza kwa miaka, akiitafuta chumvi ya bahari. Ulimi ukakutana na vumbi la mtama aliousaga Minza mara ya mwisho.

Akafunga mdomo, asimeze.