Dirisha la Bi Harusi

Kwa miaka kumi na minane Mwanaidi alimwomba mumewe dirisha la jikoni, na kila mara Sefu alimjibu kwamba ukuta wa matofali ukitobolewa utaanguka. Asubuhi hiyo akamkuta fundi anachora dirisha kwa chaki kwenye ukuta wa nje wa chumba cha wageni.

"Mzee kasema bi harusi asikose hewa," fundi alisema.

"Bi harusi gani?"

Fundi akainamisha uso. "Nisamehe, mama. Nilidhani unajua."

Mwanaidi akachukua nyundo na tindo, akampeleka fundi jikoni.

"Anza hapa."

Tofali la kwanza lilipodondokea nje, moshi ukatoka mbio. Mwanaidi akasogeza uso kwenye tundu, akamwona Sefu anakuja na godoro jipya kichwani, akipiga mluzi.